Daftari la Mwajemi

Mjomba wangu alipofariki, kupanga karatasi zake kulituchukua siku tatu. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kutupa kitu. Hati za mizigo, stakabadhi za ushuru, barua za mihuri iliyofifia, vyote vilikuwa katika mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, mwaka umeandikwa mgongoni. Siku ya pili, ndani ya faili la 1995, katikati ya orodha mbili za makasha, nilikuta daftari la shule. Nyuma lina jedwali la kuzidisha. Mbele, kwa herufi kubwa za mtoto aliyeng'ata ulimi akiandika, pana maneno mawili: MWAJEMI. SIRI.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikaa nalo mkekani mpaka adhana ya alasiri. Kurasa zimejaa visanduku vilivyochorwa kwa rula, mishale, misalaba mahali watu walipofia, na maelezo ya namna hii: "Chupa ya kushoto USINYWE. Ya juu ni dawa." "Kigae cha tatu kinadondoka, pita upesi." "Bonge usimfuate, mngoje aje." Mama mdogo, aliyekuwa akikunja kanzu za marehemu, aliniuliza nimeona nini mbona nimenyamaza.

"Gemu, mama. Gemu la kompyuta tulilokuwa tukicheza ofisini kwa mjomba."

"Na marehemu akaliweka?"

Akaliweka. Mimi nilikuwa nimelisahau miaka yote hiyo, hata jina lake la kigeni lilinijia kwa kusitasita, kama jina la mtu uliyesoma naye darasa la tatu: Prince of Persia.

Ofisi ya mjomba ilikuwa karibu na bandari. Jumamosi kazi ilikwisha saa saba mchana, lakini yeye alibaki kumalizia hesabu, na sisi tukafika na baiskeli kutoka Ngamiani tukiwa wanne: binamu yangu, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na miaka 14, wavulana wawili wa jirani, na mimi, mdogo kuliko wote, miaka 11, msichana peke yangu. Tulimwamkia mmoja mmoja mlangoni. Alijibu marahaba bila kuinua macho, akauliza kama tumekula, kisha akaelekeza kalamu kwenye kona ilikokaa kompyuta chini ya kitambaa cha kudarizi, kama redio ya sebuleni. Ofisi nzima ilikuwa na moja. Kioo chake kilikuwa cha rangi moja tu, njano iliyoiva juu ya weusi. Gemu lenyewe lilikuwa kwenye flopi kubwa, ile laini inayopinda, aliyoachiwa na baharia wa meli ya mizigo. Juu yake paliandikwa neno moja kwa kalamu. Halikuja na sanduku wala kitabu cha maelekezo.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, ila hadithi hatukuhitaji kutafsiriwa. Mfalme hayupo, waziri wake Jaffar ametwaa madaraka, amemfungia binti mfalme ghorofani na kumpa saa moja: aolewe naye au afe. Kijana anayempenda binti ametupwa shimoni, hana silaha, na ndani ya saa hiyohiyo lazima apande steji 12 hadi juu ya mnara. Bibi zetu walikuwa wametusimulia visa vya Alfu Lela Ulela kabla hatujajua kusoma, na Jafari kwetu lilikuwa jina la mtu wa mtaa wa pili. Hata Uajemi tulikuwa nao. Pwani hii wapo watu wanaojiita Washirazi na kusimulia kwamba wazee wao walitoka huko kwa majahazi, basi yule kijana wa nguo nyeupe tulimchukua kama ndugu wa mbali aliyepatwa na dhuluma. Tukamwita Mwajemi. Walinzi wenye vilemba tukawaita askari kanzu. Mlinzi mnene wa steji ya sita akawa Bonge. Meno ya chuma yanayofunguka na kujifunga njiani yakawa Mkasi, na mtu aliyekatwa nayo alisemwa amekwenda kwa kinyozi. Kiunzi cha mifupa kinachoinuka na kushika upanga kwenye steji ya tatu hakikupata jina. Tulikiogopa, tukawa tunasema "yule".

Kanuni ya kiti ilikuwa moja: ukifa, unainuka. Asiyekufa haondolewi. Binamu yangu alikuwa na vidole vyepesi na moyo wa kuthubutu, na huku akicheza alisimulia kwa sauti kila anachofanya, kama wale watafsiri wa mabanda ya video waliokuwa wakitueleza filamu za Kihindi na za Kichina. Angeweza kukaa kitini dakika arobaini. Wale wawili wakifuata. Zamu yangu ilipofika, mara nyingi ama mjomba alikuwa akifunga madirisha, ama umeme ulikuwa umekatika. Hatukujua kwamba kulikuwa na namna ya kuhifadhi mahali ulipofikia, kwa kubonyeza Ctrl na G pamoja. Umeme ukienda, Mwajemi alirudi shimoni, mikono mitupu.

Kwa hiyo nikawa mwandishi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa bila kazi.

Daftari lilianza kwa sababu ya chumba cha chupa. Mapema katika safari unaingizwa mahali penye chupa nyingi, kila moja na herufi yake, na gemu linakutaka unywe ile inayolingana na herufi ya kwanza ya neno fulani, katika mstari fulani, wa ukurasa fulani wa kitabu cha maelekezo. Waliotengeneza walitaka kuhakikisha kwamba umenunua. Sisi tulikuwa na nakala ya baharia, na kitabu hicho kilikuwa nchi nyingine. Wavulana walitaka kuliacha gemu siku ile ile. Mimi nikasema tuandike: kila swali, na kila herufi tuliyojaribu ikakataa. Swali likirudi, tunajaribu nyingine. Jumamosi baada ya Jumamosi tulipoteza nusu ya muda wetu katika chumba kile, na herufi zikawa zinapungua moja moja mpaka majibu yakabaki yenyewe. Kurasa nne za kwanza za daftari ni jedwali la maswali hayo. Watoto wanne wa Ngamiani walikiandika upya, herufi moja moja, kitabu ambacho hawakuwahi kukiona.

Baada ya hapo nikaandika yote.

*

Nilipolipata daftari nilianza kumtafuta Mwajemi, na hapo nikajifunza ni watu wangapi duniani wamehangaika kumwokoa.

Aliyemuumba ni Mmarekani, Jordan Mechner. Mwaka 1985, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu cha Yale, alimvalisha mdogo wake David nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari katika jimbo la New York, akampiga picha za video akikimbia, akiruka na kuning'inia ukutani. Kisha alizigeuza picha hizo kuwa michoro, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Ndiyo sababu Mwajemi, tofauti na vikatuni vyote vya zama zake, ana uzito. Akitaka kusimama lazima ateleze kidogo. Akiruka bila kupima anagonga kifua ukutani. Mapigano ya panga aliyachukua kwa njia hiyohiyo kutoka kwenye filamu ya zamani ya Robin Hood ya mwaka 1938. Muziki ulitungwa na baba yao, Francis. Kazi ilichukua miaka minne, na gemu likatoka 1989 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, mashine ambayo kwa wakati huo watu walishaanza kuipa kisogo. Mwaka uliofuata likatolewa kwa kompyuta za DOS, na kwa mlango huo ndipo likafika ulimwenguni, hadi mkononi mwa baharia, hadi mezani kwa mjomba.

Kuna jambo moja katika historia hiyo lililonifanya niweke simu chini nitembee kidogo uani. Mechner hakutaka gemu lake liwe la kuuana. Rafiki yake Tomi Pierce alimsisitiza kwamba bila mpinzani gemu halina roho. Lakini kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, pasibaki nafasi ya kuchora mtu mwingine. Basi akazichukua picha zilezile za Mwajemi, akaziweka juu ya zenyewe zikiwa zimesogezwa kidogo, sehemu zinazolingana zikafutika, na kilichobaki kikawa umbo linalometameta la mtu yuleyule. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Kivuli.

Watu waliocheza gemu hili wakisikia neno Kivuli hunyamaza kidogo. Katika steji ya nne njia inazibwa na kioo, kioo cha kujitazamia, na pa kupita hakuna isipokuwa kukimbia na kukirukia. Mwajemi akipita upande mmoja, taswira yake inatokea upande wa pili na kukimbia zake, ikimwacha hoi, uhai umebaki chembe moja. Tangu hapo Kivuli anamtangulia. Anainywa dawa aliyokuwa akiifuata. Anamfungia geti mbele ya uso ili aporomoke. Na juu kabisa, steji ya 12, anamrukia na upanga mkononi.

Daftari langu linaishia hapo. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una mistari mitatu: "KIVULI. Ukimpiga unaumia wewe. Ukimuua unakufa wewe." Chini yake, kwa mwandiko mnene wa binamu yangu, neno moja: "Hapitiki."

Tulimfikia Kivuli mara tatu, labda nne. Mwanzoni mwa 1996 ofisi ikaleta kompyuta mpya, yenye rangi, isiyokuwa na tundu la flopi ile kubwa. Flopi ikabaki kwenye droo ya mjomba kama funguo za nyumba iliyouzwa. Binamu yangu akaenda shule ya bweni, baadaye Maskati, kama wengi wa ukoo wetu. Nikamsahau Mwajemi na shimo lake.

*

Tangu nianze kuulizia, nimegundua kwamba watu wa rika langu wamejaa magemu yasiyo na majina. Fundi baiskeli wangu, aliyefanya kazi utotoni kwenye duka la kuchapa barua mjini Moshi, anakumbuka "gemu la paka anayeingia madirishani watu wakimtupia viatu". Mwalimu mmoja wa Pangani ana "gemu la mzinga na wanajeshi wa miamvuli". Jirani yangu ana "sokwe wawili juu ya maghorofa wanarushiana ndizi". Majina hawayajui kwa sababu hawakuwahi kupewa. Magemu yalikuja kwa kunakiliwa, flopi kwa flopi, na DOS iliruhusu jina la faili lisizidi herufi nane. Paka yule alikuja akiitwa CAT, basi.

Nimejipa kazi ya kuyatafuta, na hakuna jioni ninazozifurahia kama hizo. Paka ni Alley Cat, la 1984, kazi ya Bill Williams, aliyefariki 1998 bila shaka bila kujua kwamba Moshi palikuwa na mtoto aliyempenda paka wake. Wanajeshi wa miamvuli ni Paratrooper, la 1982, la Greg Kuperberg, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa hisabati. Sokwe walikuwa wakitolewa bure ndani ya DOS yenyewe, toleo la 5, mwaka 1991, kama mfano wa kufundishia kuandika programu. Nilipomwonyesha fundi baiskeli yule paka kwenye simu yangu, alifuta mikono yake kwa kitambaa, moja moja, kabla ya kuipokea.

Waliokulia kwenye magemu ya runinga nao wana ya kwao. Mashine nyingi zilizofika madukani kwetu zilikuwa nakala za Kichina za Family Computer ya Nintendo, iliyozinduliwa Japani Julai 1983, na katriji zake ziliahidi magemu 9,999 ambayo ukihesabu vizuri yalikuwa matano au sita yakijirudia. Watu hao wanakumbuka namna ya kupuliza katriji. Wanakumbuka juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na maisha thelathini ya Contra yanayofuata, bila kujua kwamba siri hiyo ilitungwa na mtu mmoja, Kazuhisa Hashimoto, aliyeona gemu jingine alilokuwa akilijaribu kazini ni gumu mno kwake. Sisi tuliipata kwa mdomo, kama vitendawili.

Leo magemu haya yanapatikana, mengine kwa urahisi wa kushangaza. Ipo programu iitwayo DOSBox, iliyoanza 2002, inayoifanya kompyuta ya sasa ijifanye ya mwaka 1990, hata kwa mwendo: baadhi ya magemu ya zamani yalipimwa kwa kasi ya mashine ya wakati wake, na ukiyawasha leo bila kuyashika breki yanakwisha kabla hujagusa kitufe. Januari 2015 Internet Archive iliweka magemu ya DOS zaidi ya 2,000 mahali pamoja, ukiyafungua yanachezeka hapohapo. Na Mwajemi ana kisa chake cha pekee. Mechner alikuwa ameupoteza msimbo wa asili wa Apple II, ile programu yenyewe kama alivyoiandika. Mwaka 2012 baba yake, yule mtunzi wa muziki, aliukuta nyumbani kwake ndani ya boksi, kwenye flopi. Sumaku ya flopi hupungua nguvu mwaka hadi mwaka, hakuna aliyejua kama zitasomeka. Mtunza kumbukumbu Jason Scott na mtaalamu Tony Diaz walikwenda na mitambo yao, wakazisoma, na Aprili mwaka huo msimbo ukawekwa hadharani, yeyote ausome.

Hiyo ni bahati ya wachache. Utafiti wa taasisi ya Video Game History Foundation, uliotoka 2023, ulionyesha kwamba kati ya kila magemu 100 yaliyotoka Marekani kabla ya 2010, 87 hayapatikani tena kwa kununua. Maktaba zilipoomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti magemu hayo wakiwa mbali, mamlaka za hakimiliki za huko zilikataa, Oktoba 2024. Kitabu kilichokwisha madukani unaweza kukiazima maktaba. Gemu lililokwisha madukani, sheria inakutaka usafiri hadi lilipo, kama haliko kwa mtu aliyelinakili kwa siri. Nalisema bila kuuma maneno: magemu mengi ya utoto wetu yamenusurika kwa sababu watu kama yule baharia waliyanakili.

Lakini hata yakiokolewa yote, kuna kitu ambacho hakimo ndani ya flopi yoyote. Nilikijua usiku wa kwanza nilipolifungua gemu.

Nilitayarisha daftari, nikawasha kompyuta, na Mwajemi akaporomoka shimoni kama zamani. Kuta zilikuwa za buluu. Nilibaki nazo macho. Miaka yote nilikuwa na shimo la njano na nyeusi kichwani, na kumbe ni la buluu, mienge inawaka rangi ya chungwa, na ikulu ya juu inang'aa kama dhahabu. Kisha nikafika kwenye chupa ya kwanza. Dawa inatoa mapovu mekundu. Sumu inatoa mapovu ya buluu. Nusu ya daftari langu ilikuwa ni kazi ya kutambua, kwa kufa, kitu ambacho mtoto wa New York alikiona kwa kutupa jicho tu.

Kwetu hizo chupa zilikuwa fumbo. Gemu tulilocheza sisi lilikuwa gumu kuliko lile alilolitengeneza Mechner, na lilikuwa na sehemu ambayo yeye hakuiandika: ubishi juu ya kila chupa, jedwali la maswali, msimulizi, kanuni ya kiti, askari kanzu na kinyozi. Hilo ndilo gemu nililolisahau. Katika boksi la baba yake halimo, wala Internet Archive. Lilikuwa limebaki kwenye daftari la kurasa 48, ndani ya faili la makasha, kwa sababu karani mmoja aliona halifai kutupwa. Natamani kila mwenye kumbukumbu kama hizo azinene, aziandike, maana wale waliotupa nafasi ya kukaa kwenye kompyuta zao Jumamosi wanaondoka mmoja mmoja.

*

Watu husema vidole havisahau. Wanaorudia magemu yao ya utotoni husimulia jinsi mikono ilivyokimbia kabla ya akili. Mimi mikono yangu haikuwa na la kukumbuka. Katika Jumamosi zote zile sidhani nilikaa kitini saa moja kwa kuzijumlisha. Nilijua kila mlango, kila kigae kinachodondoka, nilijua steji ya nane lazima umngoje panya mweupe anayetumwa na binti mfalme kuja kukufungulia geti, na bado nilikufa katika shimo la kwanza kabisa kwa kushindwa kupima hatua. Nilikufa kwa misumari. Nilikwenda kwa kinyozi mara kumi na moja. Nilikuwa nacheza kwa mara ya kwanza gemu ninalolijua lote kwa moyo.

Nilimwandikia binamu yangu, nikampelekea picha ya jalada. Alijibu kwa sauti, usiku wa manane wa Maskati, na kabla hata ya salamu akalitaja swali la kwanza la jedwali, ukurasa, mstari, neno, na herufi yake. Nikafungua daftari. Alikuwa amepatia.

Alikuja Desemba, kwa dua ya baba yake. Wageni walipokwisha kutawanyika, na sinia za wali zimeoshwa, tuliiweka kompyuta kwenye meza ya chakula ya marehemu. Alivuta kiti. Mimi nikakaa kushoto kwake, daftari pajani, bila kuambizana, kama tulivyokaa siku zote.

Ana nywele nyeupe masikioni sasa, na anavaa miwani. Alianza kwa kukosea. Akafa, akainuka, akakumbuka kwamba hakuna wa kumpisha, akakaa tena. Mara ya tatu mwili wake ukatengemaa, na sauti ikamrudia. "Haya, Mwajemi anatoka, mkono wa kulia hatari, hatari, anaruka, amedaka!" Mama mdogo alikuja na kahawa akasimama nyuma yetu. Mimi nilisoma. Kigae cha tatu. Chupa ya juu. Bonge usimfuate. Hakuzitazama rangi za chupa hata mara moja, alingoja nimwambie.

Tulifika steji ya 12 zikiwa zimebaki dakika tisa. Kivuli akaruka mbele yake, upanga juu. Binamu yangu akapiga, na uhai wake mwenyewe ukapungua.

"Hapitiki huyu," alisema, akirudi nyuma.

"Anapitika."

"Daftari linasema?"

"Daftari halisemi. Mimi nimemsoma mwezi uliopita. Rudisha upanga alani."

"Nini?"

"Usipigane naye, kaka. Rudisha upanga. Yeye ataurudisha wa kwake. Halafu mwendee."

Alinitazama, kisha akatazama kioo. Akabonyeza kitufe cha chini. Mwajemi akachomeka upanga, na ng'ambo yake Kivuli akachomeka wa kwake. Wakasimama. Kisha wakakimbiliana, wakakutana, pakawa na mweko mmoja mfupi, na akabaki mtu mmoja. Mbele yake palikuwa na shimo refu lisilo na sakafu. Nikamwambia akimbie tu. Akakimbia, na vigae vikajitokeza chini ya miguu yake kimoja kimoja.

Binamu yangu hakusimulia tena. Mama mdogo aliweka kikombe mezani polepole. Mbele, nyuma ya mlango mmoja tu, alikuwa Jaffar.

Alisimama, akakisogeza kiti upande wangu.

"Kaa," alisema.

"Hujafa."

"Najua. Kaa."

Nilimpa daftari alishike. Zilikuwa zimebaki dakika nne.